Waya Uliovutwa Nje ya Ugo

Nimeombwa niandike habari za RraSethunya, yaani baba yake Sethunya, na sioni kwa nini niandamwe mimi, wakati nusu ya kijiji mbuzi wao wanalala ndani ya waya aliouvuta yeye. Wenye shule wapo. Ila wenye shule wangeanza na alizaliwa lini, na hilo hata mwenyewe halijui. Basi naandika, na mtu asinisahihishe.

Ni mfupi, RraSethunya, na mkono wake wa kushoto una vidole pungufu. Ujanani alivuta waya wa serikali, ule wa kuzuia ng'ombe wagonjwa wasichanganyike na wazima, huko nyikani ambako nguzo zinakwenda mpaka macho yanachoka. Waya mmoja ulikatika ukaondoka na vidole. Ukimwuliza anasema, "Ulikuwa na haki. Niliupa mgongo."

Sasa, binti yangu Boikanyo alikuja nyumbani kujifungua uzazi wake wa kwanza. Kwetu mzazi anakaa ndani miezi, na anakunywa supu ya kuku mpaka arudi mwilini. Na kuku wangu nyegere alikuwa anawamaliza. Banda la zamani alilipasua kama mtu anayefungua kifurushi. Nikamwita RraSethunya. Akasimika nguzo kando ya ugo wa minyaa, akagongelea waya wa matundu upande mmoja, akaenda kuzika kijiji cha pili. Kesho yake angekuja kuvuta.

Mtoto hakungoja. Alizaliwa kabla ya jua, na mdogo wangu Galeboe akalaza gogo kwenye njia ya kuingilia uani. Gogo likishalala, mwanamume wa nje haingii, sembuse aliyetoka makaburini na miguu ya moto, moto wa msiba unaomdhuru mtoto mchanga. RraSethunya akafika na nondo begani, akaliona, akarudisha mguu.

"Hongera, MmaBoikanyo. Mtoto gani?"

"Wa kike. Na waya wako umelala kama shuka. Leo nyegere ndiye atakayekunywa supu ya mwanangu."

Galeboe, mwenye haraka tangu tumboni, akashika ncha ya gogo. "Tulisogeze kidogo tu. Akimaliza tunalirudisha."

"Acha hapo, mama," akasema RraSethunya. "Jana nilikuwa nashika koleo la kaburi. Mtoto wa watu nimchome kwa sababu ya kuku?"

Nikadhani ameshaondoka. Kumbe anazunguka. Sauti ikatokea nyuma ya minyaa: tubane ncha ya waya katikati ya mbao mbili, tupigilie, tufunge nyaya mbili nene kwenye mbao, tuzipenyeze kwenye ugo. Tukafanya. Upande wake akazifunga kwenye shina la mgunga, akaingiza nondo katikati na kusokota. Hatukumwona. Tuliona ugo unatikisika, utomvu mweupe unadondoka, ule unaopofusha macho, naye yumo chini yake.

"Piga waya kwa mwiko."

Nikapiga.

"Bado unakoroma." Akasokota tena. "Matundu yakoje?"

"Kama macho."

"Ya nani? Aliyeamka au anayesinzia?"

"Yameamka. Vuta zaidi, nyegere ana kucha."

"Nikivuta zaidi yatasinzia, waya utapungua kimo na kunyanyuka chini. Nyegere hapiti katikati, mama."

"Vuta."

"Sivuti."

Nilikuwa na mume mkaidi na nimemzika, lakini hakumfikia huyu. Nikamwambia kama mikono imechoka aseme. Akasokota kidogo, ili ninyamaze. Matundu yakafumba, waya ukaachana na ardhi, mkono wangu ukapita chini yake mzima mzima.

"Umeona?" akauliza, yeye asiyeona kitu.

"Nimeona nini? Legeza."

Galeboe alicheka mpaka akakaa chini.

Akalegeza kidogo, matundu yakafumbuka. Kisha akaushikilia hivyo hivyo, jua kichwani, sisi ndani tukigonga misumari na vidole vyetu. Hakusema harakisheni hata mara moja. Mpaka nilipomwambia msumari wa mwisho umeingia, ndipo nondo ikaachia, na waya haukushtuka.

Asubuhi tulikuta udongo umekwanguliwa banda zima kuzunguka, na kuku wote ndani, wananung'unika kama waliokosa usingizi. Boikanyo alikunywa supu mpaka nguo zikambana.

Siku gogo lilipoondolewa RraSethunya alikuja kumwona mtoto. Lakini kwanza alipita bandani, akagonga waya kwa ule mkono wake wa vidole pungufu, akasikiliza. Ndipo akanawa mikono, akaomba apakatishwe.

Huyo ndiye. Mjukuu huyo sasa anakimbia, na mabega ya RraSethunya yamekufa. Hanyanyui hata ndoo. Banda lake mwenyewe limelegea kama soksi kuukuu, nyegere ameshalijua, na yeye hatamwomba mtu. Basi wewe uliyesoma mpaka hapa, una mabega. Jumamosi njoo na plaizi na nondo, upite nyuma ya nyumba yake, usiseme nimekutuma. Mimi nitakuwa ndani ya banda na mwiko. Nikikwambia yanasinzia, usibishane nami, legeza.