Mgongo Mtupu wa Wanjugu

Mtu aliyepeleka gofu Lodwar alistahili viboko. Nasema hivyo nikiwa na akili zangu timamu, mimi niliyekuwa dereva wa shirika la maji huko, niliyechimbishwa mashimo ya mchezo wao na kumwaga oili chafu juu ya mchanga ili upepo usiupeperushe. Nyasi hakuna kule. Mchezaji alitembea na kipande cha zulia, akakitandaza, akaweka mpira juu yake, akapiga. Mpira ukipinda uliingia kwenye vichaka vya mathenge, na miiba ya mathenge haijui injinia wala dereva. Aliyetumwa kuutafuta ni mimi.

Kati ya wote waliocheza, aliyeujua mchezo huo alikuwa mmoja tu, Wanjugu, mtunza stoo wetu. Baba yake aliwabebea wachezaji fimbo kule Nyeri, naye alikua akipiga mipira mikuukuu nyuma ya nyumba. Alikuja Lodwar na binti mchanga, Nyawira, ambaye baba yake alikuwa ameshatokomea zamani. Hakuwa na wa kumwachia, kwa hiyo alifanya kila kitu na mtoto mgongoni: kupanga mabomba stoo, kupika, na jioni moja wakubwa walipopungukiwa na mtu, kucheza gofu. Watu walimwambia atampasua mtoto kichwa. Wanjugu akakaza leso, akarudisha fimbo nyuma taratibu mpaka usawa wa bega, ikasimama hapo, kisha akaishusha. Mpira ulinyooka kama mtu aliyetumwa dukani. Nyawira hata hakuamka.

Mwaka mzima hakuna aliyemshinda. Mkuu wetu, Injinia Didace, mtu wa Bujumbura, alikuwa akirudisha fimbo mpaka inamgonga kisogoni, anapiga mchanga, analaumu upepo.

"Injinia, unaenda mbali mno," Wanjugu alikuwa akimwambia. "Fimbo ikienda mbali inasahau njia ya kurudi."

Didace anaitikia kwa heshima zote, kisha anarudia yaleyale.

Halafu malaria ikamshika Nyawira, ikataka kumwondoa kabisa. Alipopona, Wanjugu akampeleka Nyeri kwa nyanyake, akarudi kazini peke yake. Jioni aliyoshika fimbo tena, ilipita bega, ikapita sikio, ikaenda kuning'inia mgongoni, palepale mtoto alipokuwa akilala. Mpira ukagonga tangi la maji.

Niliona kilichotokea hapohapo. Sikusomea gofu, lakini macho ninayo. Nikamwambia Didace kwamba mtoto ndiye aliyekuwa akiizuia hiyo fimbo. Akacheka. "Dereva, hii ni sayansi."

Basi sayansi ikaanza. Mmoja akasema ni kiwiko, mwingine akasema ni magoti. Wakamfunga kamba mkononi, wakamwekea kitambaa kwapani, wakamchorea mistari mchangani. Kila ambaye hajawahi kupiga mpira ukanyooka alikuwa na la kumfundisha. Leo Wanjugu anarudisha fimbo fupi kama anayeua nzi, kesho ndefu kama anayepasua kuni, nami niko ndani ya mathenge natafuta mipira huku nikiwalaani wote, na yeye pamoja nao.

Lakini lililonichoma zaidi ni habari ya likizo. Wanjugu aliomba ruhusa akamwone mwanawe.

"Mama Nyawira, kwanza tucheze na Kakuma," Didace akamjibu. "Tukimaliza tu, unaenda."

Mashindano na mashirika ya Kakuma yalipangwa mwezi wa Novemba. Mvua za El Nino zikaja, lagga, ile mito mikavu ya kule, zikafurika, barabara ikakatika. Mashindano yakaahirishwa, na likizo ikaahirishwa nayo. Yakapangwa upya, yakaahirishwa tena. Sasa hebu niambie, hiyo ni akili gani? Mwanamke hawezi kupiga mpira kwa sababu mtoto hayupo, na hawezi kumwona mtoto kwa sababu hajaupiga mpira. Nilimuuliza kwa nini asiende tu.

"Nikifutwa kazi, mtoto akiugua tena, dawa atanunua nani? Wewe?"

 Siku nyingine nilimkuta akifunga stoo, ametoka posta kupiga simu Nyeri. Akaniambia Nyawira sasa anamwita nyanyake mama. Alisema hivyo bila kunitazama, na ufunguo ukawa unatafuta tundu la kufuli haulioni.

Tulikwenda Kakuma mwezi wa Februari. Uwanja wao ulikuwa mchanga mtupu kama wetu, kando ya barabara kuu, na watu wa kambi ya wakimbizi walikuja kutazama watu wazima wakipigana na vumbi. Wanjugu alicheza vibaya asubuhi nzima. Didace alimfuata nyuma shimo kwa shimo, fupisha, refusha kidogo, kiwiko, kiwiko, mpaka mimi mwenyewe kiwiko kikaanza kuniuma. Hata hivyo tulifika shimo la mwisho tukiwa sawa, kwa sababu Kakuma nao walikuwa wabovu.

Karibu na hapo mama mmoja Mnuer wa Sudan, Nyakim, aliuza chai chini ya turubai. Mtoto wake alikuwa akilia, na sufuria inataka kumwagika. Wanjugu alikuwa akingoja zamu yake, uso kaukunja.

"Mama, lete huyo," alisema.

"Huyu nakataa watu," Nyakim akamjibu. "Nalia tu."

"Lete."

Akamtupia mgongoni, akamfunga kwa leso yake, fundo kifuani, bila kufikiri, kama wafanyavyo akina mama. Mtoto akanyamaza. Zamu ikaitwa, akaenda, na sidhani alikumbuka kwamba ana mtu mgongoni. Fimbo ikarudi nyuma taratibu, ikafika usawa wa bega, ikasimama. Ikashuka. Mpira ukaruka, ukatua kwenye mchanga wa oili, ukabiringika, ukakaa hatua moja kutoka shimoni.

Wenzetu walishangilia. Didace akarusha kofia. "Umeona, Mama Nyawira? Si nilikwambia ni kiwiko?"

Nilitamani kumpiga kwa hiyo fimbo.

 Wanjugu alikuwa amepeleka mkono nyuma kumshika mtoto mguu, kama alivyozoea, na mguu haukuwa ule. Akasimama hivyo ameushika, machozi yanamtoka mbele ya watu wote.

"Huyu si wangu," alisema.

Akamfungua polepole, akamrudisha. Nyakim alimtazama.

"Wako iko wapi?"

"Nyeri."

"Mbali?"

"Mbali."

"Barabara iko?"

Wanjugu akaigeukia barabara. "Iko."

"Sasa kama barabara iko, dada, wewe nangoja nini?"

Kule stendi basi la kutoka Lokichoggio lilikuwa likipiga honi, linataka kuungana na msafara wa polisi kuelekea Kitale. Wanjugu alikunja leso. Didace akamkimbilia, akamwambia amalizie kwanza, umebaki mpigo mmoja, likizo atapata hata wiki ijayo. Wanjugu akamkabidhi fimbo.

"Malizia wewe, Injinia. Hapo ni karibu, huwezi kupotea."

Akaja kwenye gari. Sikungoja amri ya mtu. Nilimfikisha stendi basi likiwa limeshaanza kutembea, kondakta akamvuta mkono akaingia. Hakuwa na begi. Alikuwa na leso tu.

Niliporudi niliwakuta wakubwa wamesimama juani kuuzunguka ule mpira, wanabishana kama sheria inaruhusu mtu mwingine aupige. Didace akaniuliza kwa ukali Wanjugu atarudi lini. Nikamwambia akamuulize Nyawira. Nikaketi chini ya turubai la Nyakim, nikaagiza chai, nikawaacha wabishane.