Mpangaji wa Chini ya Jiwe

"Baba mkubwa, unajuaje kama hajafa?"

Nilikuwa darasa la pili nilipomuuliza hivyo, pua nimeibandika kwenye kioo cha tangi lake la maji ya chumvi. Ndani niliona mchanga, mawe, na kaa mdogo aliyebeba nyumba yake mgongoni. Samaki sikumwona. Hakuna aliyemwona tena tangu siku alipomiminwa humo kutoka kwenye mfuko wa plastiki, akapiga mbizi moja kwa moja hadi chini ya jiwe kubwa. Ni baba mkubwa tu aliyekuwa akituapia kwamba ana kichwa cha zambarau na mkia wa njano.

"Si uinue jiwe tuone?" nikaongeza.

"Kamwulize mama mkubwa wako kama anahitaji uzi," akanijibu.

Baba mkubwa ni fundi wa friji. Ni pande la mtu, akisimama mlangoni mwanga unakwisha, na akiongea kazini anasikika mtaa wa pili. Lakini akishaingia sebuleni kwake, ananong'ona. Tangi lenyewe aliliunda kwa vioo vya friji mbili za soda zilizokataa kupona. Kila wiki anakoroga maji na chumvi yake maalumu kwenye ndoo, anapima, kisha anaonja kidogo. Mama mkubwa husema hiyo ndiyo supu pekee anayojua kupika.

Samaki wa aina hiyo ana haya, alituambia, akishtuliwa hali chakula kabisa. Basi ikatungwa sheria ya sebule: viatu mlangoni, kucheka kwa kuziba mdomo, chafya nje. Mimi niliponyokwa na chafya moja nikafukuzwa hadi uani. Kilichosamehewa ni cherehani ya mama mkubwa, iliyokaa bega kwa bega na tangi, maana hakuna sheria iliyowahi kumgusa mwenye cherehani.

Tena baba mkubwa alimlisha wakati mama mkubwa akishona tu. Haukuwa utaalamu, ulikuwa woga. Mama mkubwa akishona anatazama ukutani, haoni kamba aliowanunua kwa chakula cha jioni wakipungua jikoni. Baba mkubwa aliwakatakata, akazima pampu ili maji yatulie, akawavuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano, lenye mrija mrefu, na kuwasukuma taratibu mbele ya shimo la jiwe. Kisha akatoka akinyata kama mwizi. Akirudi, chakula kimekwisha.

"Anayekula ni kaa," mama mkubwa alimwambia. "Wewe una mpangaji asiyelipa kodi, na nadhani hata kuhamia hakuhamia."

Kazi za kushona zikaongezeka, akaitaka kona ile kwa meza ya kukatia. Akatoa hukumu: Jumapili mpangaji asipoonekana, tangi linakwenda kwa kinyozi, aliyekuwa akilimezea mate kwa muda mrefu. Baba mkubwa alikubali kama mtu anayekubali kung'olewa jino.

Jumapili kinyozi akaja na futi ya kupimia. Baba mkubwa akasukuma vipande vya kamba mbele ya shimo, akaomba kimya. Tukanyamaza. Tumbo la kinyozi likanguruma.

"Samahani, sijanywa chai," akanong'ona.

"Nyamaza wewe na tumbo lako!" baba mkubwa akamkemea kwa kunong'ona.

Kaa akajitokeza, akala kipande, akachukua cha pili. Mama mkubwa akakohoa kikohozi cha ushindi. Baba mkubwa alishika ukingo wa tangi kama anayeaga, jasho likimtiririka shingoni.

"Basi jamani, mimi nina sare za watu," mama mkubwa akasema. Akaketi, akakanyaga cherehani. Meza ikatetemeka, tangi nalo likatetemeka, maji yakafanya vikunjo vidogo juu.

Shimoni ukachungulia uso wa zambarau.

"Mzee," kinyozi akasema, "ana macho!"

Samaki akatoka mzima, mkia wa njano na vyote, akielea tumbo juu chini ya jiwe kama aliyelala darini, akamnyang'anya kaa kipande chake.

"Yuko wapi?" Mama mkubwa akageuka. Cherehani ikasimama. Samaki akafyatuka kurudi ndani.

"Usisimame! Shona, mama, shona!" baba mkubwa akapaza sauti.

"Nishone nini? Kitambaa kimeishia hapa!"

"Shona hata hewa!"

Akashona hewa. Samaki akatoka tena. Ndipo tulipong'amua kwamba miezi yote ile tulinong'ona bure. Kwake yeye mtetemo ule ndio uliokuwa kengele ya chakula. Kimya chetu ndicho kilichomtisha. Aliyekosa kumwona ni mama mkubwa peke yake, maana akigeuka tu, miguu inasimama.

"Mimi ndiye ninayemwita, halafu nisimwone? Haiwezekani! Geuzeni cherehani yangu!"

Kinyozi wa watu ndiye aliyeshika upande wa pili wa meza, kisha akakunja futi yake akaenda zake. Meza ya kukatia iliwekwa chumbani, na baba mkubwa analala ameubana ukuta hadi leo.

Sasa niko kidato cha tatu. Juzi nilimkuta akilisha, mama mkubwa akikanyaga cherehani isiyo na uzi huku akimtukana mpangaji wake kwa mapenzi. Nikamkumbusha baba mkubwa swali langu la zamani. Akasikiliza kwanza kama cherehani inanguruma vya kutosha, kisha akaniinamia sikioni.

"Sikujua," akasema. "Ningeinua jiwe ningejua. Lakini je, ningemkosa, ningemlisha nani?"