Mwalimu Vidole

Watoto ndio waliompa jina hilo, na watoto hawakosei sana wanapotoa majina. Uso wake hawakuwahi kuuona. Walichokiona kwenye skrini ni karatasi nyeupe, kalamu nyekundu, na mikono miwili ya mama mtu mzima, mmoja wenye kidole cha shahada kilichopinda mwishoni kama ndoana. Mlango wa darasa ulikibana zamani, alipokuwa bado anafundisha shuleni, nacho kikaunga vibaya. Kidole hicho kilitambaa chini ya silabi, ba, be, bi, na sauti ikakifuata polepole. Basi akawa Mwalimu Vidole, na hata wazazi wakaanza kumwita hivyo.

Mtambo wenyewe aliubuni fundi simu, mpangaji wa chumba cha mbele. Alichukua waya wa kutundikia nguo, akaukunja, akaubana kwenye ukingo wa meza iliyo karibu na dirisha, kisha akaipachika simu juu yake, inatazama chini kama kuku anayetafuta punje. Alimweleza mama kwamba walimu wengine wa mtandaoni huweka uso mbele, lakini mtoto mdogo ukimwonyesha uso atautazama uso, herufi hatazitazama. Alijiandaa kubishana naye, maana wazee na vitu vipya ni paka na maji. Mama akakubali hapo hapo. Alikuwa na sababu yake ya kuuficha uso, na sababu hiyo ilikuwa inasoma darasa la pili.

Turudi nyuma kidogo. Mama huyu alizaa mtoto mmoja tu, wa kiume, akamlea, akamsomesha, akamwoza. Kijana akapata homa, na hospitali alifikishwa wakati maji yameshazidi unga. Nani alichelewesha, hata leo hakuna anayejua. Mgonjwa mwenyewe tangu utotoni alikuwa akiona dawa anajificha uvunguni, na mama yake alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Lakini uchungu wa kuzika hautafuti ukweli, unatafuta pa kutua. Siku ya mazishi, sebule imejaa watu, mkwewe amekaa sakafuni ananyonyesha, mama aliinua mkono akamnyooshea kidole. Akasema, huyu ndiye aliyeniulia mwanangu. Akasema na mengine. Wakubwa walimwomba anyamaze, hakunyamaza. Mdomo huponza kichwa. Wa kwake uliponza nyumba nzima.

Mkwe alingoja msiba uishe, akafunga nguo zake, akambeba mtoto mgongoni, akabadilisha na namba ya simu. Mama alituma watu, si mara moja. Ila aliwatuma wakadai mjukuu. Kuomba radhi hakumtuma mtu. Wakarudi mikono mitupu, wakachoka, wakaacha kwenda.

Alipostaafu, alijiandikisha katika ofisi moja ya kuwatafutia watoto walimu wa mtandaoni. Majina ya kwanza yalipokuja, miongoni mwao akaona jina la marehemu mwanawe, limekaa katikati ya jina la mtoto. Wa kiume, darasa la pili, hajui kusoma, anaishi na mama yake. Aliusoma ule ujumbe kwenye simu akiwa amesimama, akakaa, akausoma tena. Ndipo alipokwenda kumgongea fundi.

Basi uso ukafichwa. Sauti nayo akaikunja, akaipandisha, akaitia sukari. Fundi alikuwa akimsikia ukutani, na alipokutana naye uani humuuliza, "Mama, leo tena umekuwa tangazo la benki?" Naye humjibu kwamba ashughulike na chaji zake.

Siku ya kwanza mtoto alipotokea, mama aliliona paji la uso la mwanawe, na penseli imeng'atwa upande mmoja vile vile alivyokuwa aking'ata baba yake. Mikono ikamshinda.

"Mwalimu," mtoto akasema, "mtandao wako unatetemeka."

"Ndiyo, mwanangu. Leo mtandao mbaya."

Kutoka nyuma ya mtoto sauti ya mwanamke ikasema shikamoo, mwalimu. Miaka yote ile alikuwa hajaisikia sauti hiyo. Akaitikia marahaba kwa sauti ya benki. Ikawa ndiyo desturi: kila somo shikamoo, kila somo marahaba, kisha kazi inaanza.

Na kazi aliifanya. Mtoto alikuwa amezoeshwa shuleni kukariri ukurasa kwa kufuata picha, ukiziba picha anabaki bubu. Mama akaanza naye moja. Aliandika silabi kwenye vizibo vya chupa, akavisogeza mezani kimoja kimoja, hiki na hiki vikikutana vinasema nini. Mtoto akicheka, anamwacha acheke. Akikwama, kidole kinamsubiri pale pale, hakimkimbizi. Siku moja kiti kilivutwa upande wa pili, mkwe akaja kukaa nyuma ya mwanawe somo zima, kimya, macho kwenye karatasi. Mama akadhani anapimwa ufundishaji wake, akajitahidi zaidi.

Lakini mwalimu anajua anakokwenda, mwanafunzi hajui. Mi, ni, bi, ya, ko: hizo alizitanguliza kabla ya nyingine, kinyume na utaratibu wa vitabu. Kwa mdomo hakutaka kumwambia, maana kazi ya mdomo wake alishaiona. Alitaka mtoto asome mwenyewe. Kitu ulichokisoma kwa macho yako, alijiambia, hakuna wa kuja kukwambia kwamba umedanganywa. Akishajua, atamwuliza mama yake, na mama yake atamjibu nini? Mlango utafunguka kwa ndani. Hivyo ndivyo alivyopanga, na akawa anaota hata akipiga pasi.

Siku ilipofika alibandika karatasi mpya mezani kwa gundi, upepo usiipeperushe. Sentensi ya kwanza: Baba ana bata. Mtoto akaisoma. Ya pili: Kaka ana kofia. Akaisoma. Ya tatu: Dada anafua nguo. Alijikwaa kidogo, akainuka, akaisoma. Mama akaandika ya nne, polepole, herufi kubwa za kitoto, akaweka kidole chini ya neno la kwanza.

"Mi-mi. Mimi. Ni. Bi-bi, bibi. Ya-ko." Mtoto akavuta pumzi. "Mimi ni bibi yako."

Mama akakirudisha kidole chini ya neno bibi.

"Mwalimu, nyota yangu?"

Akamwambia arudie. Mtoto akarudia, sasa inateremka kama maji.

"Umeelewa inasema nini?"

"Inasema, mimi ni bibi yako."

"Bibi wa nani?"

Mtoto akafikiri, penseli mdomoni. "Wa kwenye karatasi. Kama yule baba mwenye bata." Kisha akasema, "Inayofuata, mwalimu."

Mama alibaki ameinamia meza. Miezi yote alimlisha akina baba wenye bata na akina kaka wenye kofia, watu wasiokuwa wa mtu, wanaosomwa, wanapewa nyota, wanageuziwa ukurasa. Baba mwenye bata hakuwa baba yake mtoto huyu, na mtoto alijua vizuri kwamba hakuwa. Bibi awe wake kwa nini? Akachora nyota. Ilitoka vibaya, ncha moja ndefu.

Kiti kikavutwa upande wa pili. Mtoto akaambiwa aende kucheza nje, na mlango ukafungwa. Mkwe akakaa mbele ya simu.

"Shikamoo, mama," akasema. Hakusema mwalimu.

Mama hakuitikia.

"Nilikujua siku ya kwanza. Uso uliuficha, sauti ukaikunja. Hicho kidole hapo kwenye karatasi, mama, nilinyooshewa mimi. Nitakisahau vipi?"

Kidole kilikuwa bado chini ya neno bibi. Mama alitaka kukiondoa, akaona kukiondoa ni aibu zaidi, akakiacha.

"Nilinyamaza kwa sababu mtoto alikuwa hasomi, na kufundisha unajua, hilo sikukatalii. Tena nilikuwa nasubiri. Nilisema, mama ana karatasi, ana kalamu, namwamkia kila siku. Ipo siku ataniandikia na mimi neno moja. Wala mtoto si lazima alione." Akaitazama ile karatasi. "Leo umeandika. Umemwandikia yeye."

Neno lenyewe mama alilijua. Alishawafundisha watoto wa watu kuliandika, na waliogombana uwanjani aliwafundisha kulisema. Kalamu ilikuwa mkononi, karatasi ilikuwa na nafasi. Akaishusha kalamu mpaka ikagusa. Na hapo, kabla mkono haujakwenda, mdomo ukautangulia.

"Lakini na wewe, mwanangu, ungemuwahisha hospitali..."

Alilisema kwa sauti yake mwenyewe, ile ya sebuleni siku ya msiba. Akajisikia. Akafunga mdomo, lakini neno likishatoka halirudi kama vizibo vya chupa, useme ulivute mezani ulipange upya.

Mkwe hakukasirika, na hilo ndilo lililouma. Alitikisa kichwa kama mtu aliyepita kuangalia kama duka limefunguliwa, akalikuta limefungwa.

"Haya, mama. Asante kwa mtoto. Sasa anasoma."

Skrini ikawa nyeusi. Mama akaandika neno lile, nisamehe, kwa herufi nzuri zilizokaa juu ya mstari, na simu ikalitazama kutoka juu bila mtu ndani yake. Akampigia mkwe kwa njia ya somo, haikupokelewa. Akapiga ofisini, akaambiwa mzazi ameshawaaga, ameshukuru sana, amesema mwalimu ni hodari.

Fundi alipita dirishani na bisibisi mkononi. "Mama," akamwambia kwa utani, "leo nimekusikia unaongea kwa sauti yako. Benki imefungwa?"

Mama akafunika kalamu yake, na fundi akaenda zake akidhani amemuudhi.

Simu ikaita. Alikuwa ni mtoto wa somo linalofuata, msichana wa mapengo, msumbufu, anayependa kuuliza. Mama akaing'oa ile karatasi, akabandika nyingine, akaandika ba, be, bi. Kidole cha shahada akakikunja ndani ya kiganja, akaonyesha kwa penseli.

"Mwalimu," msichana akauliza, "kile kidole chako kiko wapi?"

"Soma," akamwambia.