Unga Hauingii Wote Pamoja

Mwanafunzi wa miwani alimwaga unga wote mara moja. Mimi nilikuwa nimekwenda kuchota maji kwenye bomba la parokia. Niliporudi na ndoo kichwani nilimkuta amesimama mbele ya pipa letu la kupikia, mikono ya shati ameikunja vizuri, mwiko mrefu ameushika kama kasia. Kwenye mfuko wa shati alikuwa na karatasi. Alikuwa amepiga hesabu kwao: maji kiasi gani, unga kiasi gani, watoto wangapi. Hesabu ilikuwa sawa. Bukari, ugali wetu, ndiyo haikuwa sawa.

Tulipogawa, watoto walikata matonge, na ndani ya matonge mlikuwa na unga mkavu, mweupe, kama ulivyotoka guniani. Walitazamana. Kisha binti wa fundi cherehani, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja na mdomo wa mtu mzima, akainua sahani yake juu.

"Mwalimu, unatupikia ao unatujengea nyumba? Hii iko mawe!"

"Umuache," akasema mwenzake. "Kule ku université banakulaka vile."

Ua mzima wa parokia ulicheka. Mwanafunzi naye alicheka kidogo, akavua miwani, akaifuta kwa shati kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Nilirudisha bukari yote ndani ya pipa, nikatia maji, nikaiponda mpaka ikawa uji, nikaanza upya. Watoto walikula wamechelewa, lakini walikula.

Hiyo ilikuwa miaka ile Katanga ilipojitenga. Bendera mpya ilikuwa imepandishwa, askari wa kofia za buluu walipita mjini na magari yao meupe, na mara kwa mara tulisikia bunduki upande wa kiwanja cha ndege. Kamalondo, mtaa wetu, iliendelea na maisha. Mafundi cherehani walishona, baa zilifunguliwa, mama zetu waliuza mboga za lengalenga na makala ya kupikia. Lakini watoto wengi walikuwa wamepoteza mwaka wa shule. Wengine walikuwa wametoka na wazazi wao kambini, kule watu wa Kasai walikokimbilia. Wengine walikuwa wa familia kama yetu, za kaskazini, watoto wa watu wa reli, ambao shule yao ilifungwa wakati wa mapigano. Wazazi wa pande hizo mbili hawakusalimiana siku zile. Watoto walikula pipa moja.

Pipa lilikuwa nusu ya pipa la mafuta, lililokatwa na kusuguliwa kwa mchanga. Padri aliomba mtu wa kulisimamia, mama yangu akanitaja mimi. Nilikuwa na miaka kumi na minane. Nilikuwa nimemaliza shule ya msingi kwa masista na kukaa nyumbani. Kupika nilijua. Kusema ndiko kulikonishinda. Mtu akiniuliza kitu mbele ya watu, jibu langu lilikuja nikiwa nimekwisha kufika nyumbani.

Wanafunzi wa chuo kikuu walikuja watatu, karibu kila siku. Wawili walipasua kuni, walibeba magunia, walipanga watoto mstari. Wa miwani alikuwa na kazi ya kufundisha. Kati ya watoto waliokula pale, tisa walikuwa na ahadi kutoka kwa direktere, mkuu wa shule ya jirani. Baada ya Pasaka angewasikiliza ofisini kwake. Ambaye angeweza kusoma ukurasa mmoja na kusema jedwali la kuzidisha mpaka tisa, angeingia darasa la tano. Ambaye angeshindwa, nafasi yake ingepewa mtoto mwingine, maana hawa walikuwa wamekwisha kupita umri, na shule zilikuwa zimejaa. Hapakuwa na shule nyingine ya kuwangoja. Wote tulijua hivyo, na watoto walijua kuliko sisi.

Kusoma kulikwenda vizuri. Jedwali halikwenda. Mwanafunzi wa miwani aliandika ubaoni kuanzia mbili mpaka tisa, ubao mzima, kwa mwandiko mzuri ulioinama kama mvua ya upepo. Alisoma, watoto walirudia. Alifuta, akaandika tena.

"Munasikia?"

"Tunasikia!"

"Haya. Saba mara sita?"

Hapo ukasikika moto tu. Hesabu walizisema kwa Kifaransa, kama shule ilivyotaka, lakini hapa naziandika kwa Kiswahili chetu. Binti wa fundi aliangalia juu, akaangalia pipa, akasema, "Mwalimu, njaa inakamata akili yangu. Ungoje nikule, nitakujibu." Walicheka wote. Mimi sikucheka, kwa sababu niliona mikono ya yule binti. Alikuwa anajikwaruza vidole. Hakuwa na mzaha wowote.

Juma la tatu likapita hivyo. Siku moja baada ya kugawa, nilikuwa nasugua pipa, na mwanafunzi wa miwani akaja kukaa juu ya gogo la kuni.

"Dada," akasema, "siku ile ya bukari nilikosea wapi? Hesabu yangu ilikuwa nzuri."

Nilisugua kwanza. Hakuondoka. Basi nikamweleza, nikiangalia mchanga mkononi mwangu. Hungoji maji yachemke sana. Unatia unga kidogo yakiwa vuguvugu, unakoroga, unapata uji mwepesi. Uji unafunikwa, unaachwa uchemke, utoe mapovu, unga ule wa kwanza uive kabisa. Ndipo unaongeza konzi moja, unasonga. Unaongeza nyingine, unasonga. Unga ukiona umeingia wote pamoja, unajifunga. Nje unaiva, ndani unabaki mbichi.

"Ni hilo tu?"

"Njo ile tu."

Akaguna, akataka kusimama. Na mimi, sijui nilipata wapi, nikasema, "Na masomo yako iko vile vile."

Alikaa tena. Nilidhani amekasirika. Nilisugua mahali palipokwisha kung'aa.

"Sema yote, dada."

"Unamwaga jedwali yote pamoja. Batoto banaitika inje. Ndani iko unga mukavu."

Aliniuliza ningefanyaje kama ningekuwa mimi. Nikamwambia sijui kufundisha, najua kusonga tu. Akasema, "Basi, kesho usonge, miye nitaangalia."

Kusonga bukari ya pipa si kazi ya mtu mmoja. Wawili wanakaa wakitazamana, kila mmoja ameuzuia ukingo wa pipa kwa kijiti kilichofungwa vitambaa, na mwiko unakwenda kwa mwendo mmoja: kushoto, kulia, kukunja, kugeuza. Bila mwendo huo mikono inachoka kabla unga haujaiva. Mama zetu wanashika mwendo kwa kuimba. Mimi sikuweza kuimba mbele ya watu. Kwa hiyo kesho yake nilimketisha binti wa fundi upande wa pili, nikampa mwiko tushike pamoja, na badala ya kuimba nikasema mara mbili mara mbili, polepole, kwa mwendo wa mwiko. Akanifuata. Wengine wanane walisimama kutuzunguka. Uji ulipochemka tulikuwa tunajua mbili tu, lakini tuliijua mpaka ndani.

Halafu nikaweka sheria. Bakuli la unga lilikuwa mikononi mwa mtoto mmoja. Alitupa konzi moja baada ya jibu moja. Jibu likikosewa, unga haukuingia.

Ungesikia kelele! Watoto arobaini wenye njaa nyuma yetu, na mmoja amekwama kwenye sita mara nane.

"Arobaini na ngapi?"

"We! Utatuua na njaa!"

"Umusaidie, umusaidie!"

"Usimusaidie, yeye mwenyewe aseme! Jana alisema!"

"Arobaini na nane!"

Na konzi ikaingia, watu wakapiga makofi kama timu yao imefunga bao. Mwanafunzi wa miwani alikaa juu ya gogo lake na daftari. Hakuandika kitu. Siku ya tatu alifuta ubao wote, akaandika mstari mmoja tu, ule tuliokuwa tumesonga siku hiyo, na akauacha hapo mpaka kesho. Ndivyo tulivyogawana kazi. Mimi nilipika uji wa somo, yeye aliongeza unga. Kufika Kwaresima tulikuwa tumemaliza saba. Samaki wakavu wa Kilwa yetu ya ziwani walikuwa wamekwisha kuadimika, tulikula na lengalenga tu, lakini bukari ya wakati ule sijaona nzuri zaidi. Ilisongwa na watu waliokuwa na haraka na bado hawakuharakisha.

Baada ya Pasaka tuliwapeleka. Mtoto mdogo kuliko wote, mtoto wa mtu wa reli, alikataa kwenda bila mimi, kwa hiyo nilikwenda na kitambaa changu cha jikoni bado kiunoni. Direktere alikuwa mtu wa suti nyeusi na sauti ndogo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wengi na madawati machache. Aliwapanga mbele ya meza yake, akawasomesha. Wote tisa walisoma. Nilipumua.

Kisha akafungua daftari la hesabu. "Mikono mugongoni," akasema.

Mikono kumi na minane ilikwenda mgongoni.

"Saba mara nane."

Hakuna aliyejibu. Akamwangalia binti wa fundi, yule mwenye mdomo. Midomo ilitikisika. Nyuma yake niliona vidole vyake vimeshikana, vinataka kwenda kushoto na kulia na haviwezi.

"Sita mara tisa. Wewe. Wewe."

Mwanafunzi wa miwani alikuwa ameegemea ukuta, ameshika kofia yake, na niliona kwamba hangesema. Alimheshimu direktere, alikuwa amesoma kwake utotoni. Direktere alichukua kalamu na kuisogeza kwenye orodha ya majina. Nilijua kalamu ile inakwenda kufanya nini. Nilijua pia kwamba jibu langu, kama kawaida, litafika jioni, nikiwa nyumbani nafagia, na jioni litakuwa halina kazi.

"Direktere," nikasema. "Samahani."

Wote waligeuka. Uso wangu ulipata moto kama nimeinama juu ya pipa.

"Nani huyu?"

"Niko mupishi yabo."

"Mupishi anataka nini?"

"Batoto banajua. Uachilie mikono yabo. Ukifunga mikono yabo, midomo nayo inajifunga."

Alinitazama, akatazama kitambaa kiunoni mwangu, akamtazama mwanafunzi wa miwani, ambaye sasa alikuwa anatikisa kichwa kwa nguvu kukubali.

"Mikono inahusu nini na hesabu?"

"Utaona, Direktere. Kama haujaona, ufute."

Sikuwahi kumwambia mtu mkubwa neno kama lile. Aliweka kalamu chini. "Haya. Mikono."

Binti wa fundi alileta mikono mbele, akashika mwiko usiokuwepo, akaanza: kushoto, kulia, kukunja, kugeuza. Wengine wakaingia katika mwendo. "Saba mara moja, saba. Saba mara mbili, kumi na nne." Sauti zilipanda pamoja. Walipofika hamsini na sita, binti alichota konzi hewani kwa mkono wa kushoto, akaitupa ndani ya pipa lake, na direktere akaangalia sakafu yake kama mtu aliyetazamia kuona unga umemwagika. Hakuwakataza. Aliwauliza mmoja mmoja, nane, tisa, akiruka huku na huku, na mmoja mmoja walisonga na kujibu. Sasa alikuwa ameegemea kiti.

Wanane waliingia darasa la tano siku ile. Yule mdogo alisonga vizuri kuliko wote, mkono wake haukutetereka, lakini hesabu yake iliishia sita. Kwenye saba alizunguka tu, akazunguka. Direktere alifika kwenye jina lake na kalamu, akaniangalia mimi, si mwanafunzi.

"Huyu bado?"

"Yeye hajaiva bado," nikasema. "Unga ya mwisho hatujaingiza."

Hakufuta. Aliweka alama ndogo pembeni, akasema nimlete wakati wa kufungua shule, nafasi moja ataishikilia. Njiani kurudi watoto walikimbia mbele yetu wakipiga kelele, na mwanafunzi wa miwani alitembea kando yangu mpaka Kamalondo. Hapo akasema, "Kesho, dada, unipe mwiko miye."

Nikampa. Nilikaa upande wa pili, na mtoto wa reli akashika bakuli la unga. Mwanafunzi alingoja maji yawe vuguvugu. Alingoja uji uchemke, ingawa miwani ilijaa mvuke na watoto walimtania. Saa sita wale wanane walirudi kutoka shuleni na mabegi ya kitambaa, binti wa fundi mbele, akachungulia ndani ya pipa.

"Leo iko nyumba kidogo," akasema. "Chumba moja."

"Unyamaze, tunafanya kazi," nikamwambia, kwa sauti, mbele ya wote, na akanyamaza kweli.

Nikamgeukia mtoto wa reli. Alikuwa amejaza konzi yake na ameiinua juu ya pipa. Unga ulimponyoka kidogo kati ya vidole.

"Saba mara tatu," nikasema.

Mwiko ulikwenda kushoto, ukaja kulia. Hakuna aliyemsaidia. Tuliusonga mwiko mara mbili, mara tatu, mara nne, bila haraka. Kisha akasema, "Ishirini na moja," akafungua mkono.