Siku Niliyowaliza Wakwe kwa Mbio Zangu

Kuna watu pale kwetu wakiniona mpaka leo wanageuza uso kuficha kicheko, na wala siwalaumu, maana aibu niliyoipata kwa Mzee Yafeti mbele ya nusu ya kijiji ingempata mwingine angehama mkoa. Mimi sikuhama. Nilikuwa mwalimu, na mwalimu hahami mpaka apangiwe. Basi nikakaa na aibu yangu, na leo ngoja niwasimulie mwenyewe, kwa sababu inayosimuliwa vilabuni imeongezwa chumvi (eti nilikuwa nimevaa chupi, uongo mtupu, ilikuwa kaptula).

Mjue kwanza kwamba mimi nilikuwa mkimbiaji. Si wa mashindano, hapana, nilikimbia kwa raha yangu tu, tabia niliyoitoa chuo cha ualimu, na nilipopangiwa shule moja huku juu karibu na Lushoto, miaka ile ya vijiji vya ujamaa, nikaendelea nayo. Alfajiri navaa raba, singlendi na kaptula, nashika barabara ya Kwai, nakwenda na kurudi kabla kengele ya shule haijalia. Watu walishangaa sana. Siku za mwanzo walikuwa wananisimamisha: "Mwalimu, kuna nini?" Nasema mazoezi. "Mazoezi ya nini, unakwenda jeshini?" Nasema hapana, ni afya tu. Wanatazamana. Mtu anayelima mteremko ule kutwa nzima na kushusha mzigo wa viazi kichwani, umwambie habari za afya, atakuelewa wapi? Lakini walinizoea, kwa sababu ya jambo moja tu: nilikuwa na adabu. Hata nikihema vipi, nikikutana na mtu mzima nilipunguza mwendo, nikatoa shikamoo yangu, nikangoja marahaba. Wakasema kijana huyu kichwa chake hakijatulia lakini kalelewa.

Na nilikuwa nahitaji sifa hiyo kuliko mshahara, kwa sababu nilikuwa nimepeleka posa. Binti alikuwa Rahel, mtoto wa Mzee Yafeti, mzee wa kanisa, mtu mkimya mwenye macho ya kukupima mpaka ndani ya mfuko. Mshenga wangu alikuwa Mjomba Paulo, ndugu ya mama yangu, na aliniambia kwa ukali kabisa: "Zakaria, posa ikiwa kwao, wewe usionekane kule. Usipite, usichungulie, usisingizie umepotea njia. Jibu litakuja Jumapili baada ya ibada. Ukionekana kabla ya hapo umejiharibia." Mimi nimezaliwa Ushambaa lakini nimekulia Korogwe kwenye mkonge, mila za huku nazijua nusunusu, Kishambaa chenyewe nakivunjavunja, kwa hiyo nikaitika tu, ndiyo mjomba.

Sasa shetani akaleta gari la sinema.

Lilikuja siku ya Alhamisi, likatundika shuka jeupe kwenye uwanja wa mpira, wakaonyesha kwanza picha ya kilimo cha matuta, tukavumilia, halafu wakaweka picha la Kihindi. Jamani, mimi na picha za Kihindi! Nilianza kuziona Tanga nikiwa mwanafunzi, na mpaka leo sijui neno moja la Kihindi, ila nyimbo naziimba zote, mwanzo mpaka mwisho, kwa maneno ninayoyatunga mwenyewe. Kuzielewa ndiyo tabu. Mara yule uliyedhani ni mchumba unaambiwa ni kaka yake waliyepotezana utotoni, mara mama analia kwa furaha, mara mama huyohuyo analia kwa huzuni na kilio ni kilekile. Lakini hilo la Alhamisi lilikuwa na sehemu moja ambayo hata mbuzi angeielewa. Stelingi anakimbia mlimani. Kuna ukungu, kuna miti mirefu, ana kitambaa chekundu shingoni, anakimbia huku anaimba mkono mmoja kifuani, na anapofika juu kabisa, binti anatokea nyuma ya mti, anamtazama, kwisha kazi. Hakuna mshenga, hakuna kungoja Jumapili.

Nililala nawaza. Ukungu si tunao? Miti si tunayo? Mlima ndio usiseme. Na mbio ninazo mimi, pengine kumzidi yule. Kwa nini yeye apendwe na mimi ningoje jibu kwa Mjomba Paulo?

Jumamosi asubuhi nikachukua kitambaa chekundu (cha kufutia ubao, lakini nilikifua), nikafunga shingoni, nikatoka. Nilipofika njia panda, badala ya kushika barabara ya Kwai nikapinda kushoto, kwenye njia ya kupanda kwa kina Rahel. Ni hilo tu. Nilijiambia sitafika nyumbani kwao, nitapita juu kwenye miti, kama yuko nje aniangalie mara moja, nishuke zangu. Kupita msituni si kuonekana, au siyo?

Sasa Jumamosi ilikuwa siku ya shamba la kijiji, nikasahau. Watu wote walikuwa pale kando ya njia na majembe yao, wazee mbele, akina mama katikati. Na mimi nakuja, ndiyo kwanza nimefika kwenye utamu wa wimbo, naimba kimoyomoyo midomo inachezacheza, mkono kifuani, macho yanachuruzika machozi kwa ule upepo wa baridi. Nikawapita. Sikusalimia. Naapa sikufanya kwa kiburi, sikuwa pale kabisa, nilikuwa India.

Majembe yakaacha kulia. Nikapiga hatua chache, nikasikia vishindo nyuma yangu, nikageuka, Mungu wangu! Shamba zima linanifuata. Wanawake wamejifunga khanga viunoni, wanaume wengine na majembe begani, wengine na mapanga, na hakuna anayesema neno, wanakimbia tu. Nikajua basi, wamejua nakwenda kwa Rahel, mila gani hii niliyoivunja mpaka watu wanakuja na mapanga? Nikaongeza mwendo. Nao wakaongeza. Nikatafuta pa kuchepukia, kushoto bonde, kulia ukuta wa mwamba, njia ni moja tu nayo inakwenda uani kwa Mzee Yafeti. Nyuma nikasikia mama mmoja ameanza kulia, halafu wa pili, halafu wote, kilio kile cha kupokezana, nikazidi kuchanganyikiwa. Wanataka kunikatakata huku wananililia?

Nikaingia uani kama ng'ombe aliyekata kamba. Mama yake Rahel alikuwa kwenye bustani ya kabichi, anamwagilia. Akaniona. Akaona na msafara nyuma yangu. Debe la maji likamwanguka, akashika kichwa kwa mikono miwili, akapiga ukelele mmoja tu, "Mama yanguuu!", akaanguka chini katikati ya kabichi akagaagaa.

Nami, ndugu zangu, akili yangu ikafanya hesabu zake. Huku mama analia, kule kijiji kinalia, kumbe kuna msiba hapa! Ndiyo maana watu walikuwa wanakimbia, walikuwa wanakuja msibani, si kunifukuza mimi! Nikapata ahueni kubwa sana, na hapohapo huruma ikanishika, wakwe zangu wamefiwa, nikainama nikashika magoti, nikasema kwa sauti ya majonzi, "Poleni sana." Nikalia na mimi. Machozi ya kweli kabisa.

Hapo ndipo nilipomaliza kazi. Kile kilio kilichopanda pale, nadhani hata Mazinde kule chini tambarare walikisikia.

Mzee Yafeti akatoka ndani, na Biblia mkononi, miwani imemkaa upande. Akaja taratibu akaniwekea mkono begani. "Sema, mwanangu. Tumejiandaa."

Nikainua uso, nikakumbuka adabu. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Amefariki saa ngapi?"

"Mimi sijui, mzee, ndiyo nafika."

"Waliokutuma hawakukwambia?"

"Sijatumwa, mzee."

"Hukutumwa? Nani aliyekufa?"

"Na mimi nilitaka kuuliza hivyohivyo, mzee. Nani aliyekufa?"

Akaondoa mkono begani. Kilio kikaanza kufifia, mmoja mmoja, mpaka tukabaki na sauti ya mama yake Rahel peke yake kwenye kabichi. Mzee mmoja aliyetoka shambani akasogea akaniuliza, sasa kwa hasira, "Wewe umetupita sote bila shikamoo, unalia, unakimbilia huku, halafu unauliza nani amekufa?"

Ndiyo nikaelezwa, pale nimesimama na kaptula yangu, jambo ambalo mtoto mdogo wa kule analijua. Huku hakuna simu. Mtu akifa mbali, hutumwa kijana akimbie na habari, na kijana huyo hasalimii mtu yeyote njiani, hata awe nani, kwa sababu habari ni ya wenye maiti kwanza, akifungua mdomo itamtoka. Kwa hiyo ukipitwa na kijana anayekimbia bila kukusalimia, humwulizi. Unaacha jembe, unamfuata. Na mama yake Rahel, mama yake mzazi alikuwa mgonjwa kule chini Mazinde, kwa mtoto wake wa kiume, tena yeye na huyo mama yake walikuwa hawatembeleani tangu walipokosana kwa sababu ya kipande cha shamba. Aliponiona tu alijua ni yeye, na kwamba amekufa hawajapatana.

"Basi wewe ulikuwa unakimbilia nini?" akauliza Mzee Yafeti.

Nikasema mazoezi. Hakuna aliyenisaidia. Ningesema nini tena, kwamba kuna Mhindi mmoja alipanda mlima hivihivi na kila mtu akaelewa? Yule alikimbia dunia nzima ikajua ni mapenzi. Mimi nimekimbia, dunia nzima imejua ni maiti.

Rahel akatokea mlangoni. Nikasema moyoni, haya, sasa. Akasema, "Baba, mwalimu hukimbia hivyo kila siku na nguo hizohizo. Mimi humwona."

"Humwona wapi?" baba yake akauliza.

Rahel akarudi ndani akafunga mlango. Mzee Yafeti akanitazama, akatazama kitambaa changu chekundu, akatazama miti ya juu, nikaona kabisa anaielewa safari yangu yote, hatua kwa hatua. "Nenda nyumbani," akasema. Nikashuka, nikitoa shikamoo kwa kila niliyempita, na hakuna hata mmoja aliyeitikia.

Jumapili jibu halikuja. Alikuja Mjomba Paulo, hakukaa hata kwenye kiti. "Wanasema mtu mzima ameliliwa akiwa hai. Mkosi huo lazima uondolewe. Utapeleka mbuzi Mazinde, kwa huyohuyo bibi, utamweleza mwenyewe kwa kinywa chako. Akikataa kukusamehe, Rahel umsahau. Na mimi usinitume tena, nimezeeka kwa siku moja."

Nikashuka na basi mpaka Mombo, mbuzi juu ya paa kwenye keria analia njia nzima, nikapata lori la kunifikisha Mazinde. Nikamkuta bibi amekaa kwenye mkeka, mwembamba, shuka mabegani, macho makali. Nikapiga magoti, shikamoo bibi, marahaba, nikamweleza kila kitu, hata sinema, kwa sababu nilikuwa nimechoka kuficha. Nikangoja matusi.

"Binti yangu alilia?" akauliza.

"Alilia, bibi. Unisamehe."

"Alilia vipi?"

Sikuelewa anataka nini. Nikasema alipiga ukelele, akaita "Mama yangu!"

"Akaita mama yangu? Si alisema Yesu wangu? Watu wengine huita Yesu."

"Hapana bibi. Mama yangu."

"Halafu?"

"Akaanguka. Kwenye kabichi."

"Akaanguka mwenyewe au alijikalisha?"

"Alianguka, bibi. Kabichi nne ziliharibika."

Akavuta shuka mabegani. Nikadhani ameudhika, nikaanza kuomba radhi upya, akaninyamazisha kwa mkono. "Simulia tena," akasema. "Anzia pale ulipoingia uani." Nikasimulia tena, nikaona amejifunika uso kwa ncha ya shuka, mabega yanatikisika, nisijue anacheka au analia, na mpaka leo sijui. Kisha akasema, "Mwambie binti yangu, mbuzi nimempokea. Lakini hatuchinji. Tunamngoja yeye aje tumle pamoja."

Nilipopeleka ujumbe, kupitia kwa Mjomba Paulo (alikubali baada ya kubembelezwa sana), mama yake Rahel alifunga mzigo usiku uleule. Kesho yake akapanda basi la asubuhi. Alikaa Mazinde wiki mbili, sisi huku tunangoja, mimi sili, silali, sikimbii. Aliporudi alimpitia mjomba njiani, mzigo bado uko kichwani, akamwambia, "Mwambieni mwalimu alete mahari. Ila aje anatembea."

Basi nimejifunza, na hii ndiyo nadhiri yangu: picha za Kihindi nitaziangalia nikiwa nimekaa, na nikiwa mbioni, hata roho iwe inatoka puani, simpiti mtu mzima bila shikamoo. Nasimama, nangoja marahaba, naulizwa habari za nyumbani, habari za shule, habari za wakwe, najibu zote. Kwenda Kwai na kurudi siku hizi kunanichukua asubuhi nzima, na jasho halinitoki hata tone.