Mbuzi wa Nywele za Faida

"Miezi saba mutoto iko na nywele za tumboni," Waridi alisema, mtoto mgongoni, mikono kiunoni, katikati ya duka la Nissim, wanunuzi wakisikia vizuri. "Kasongo yote inaniuliza baba yake anangoja nini kuleta mbuzi wa akika."

Bila mbuzi huyo mtoto hanyolewi wala jina lake halisomwi mbele ya watu. Faida aliitwa Faida ndani ya nyumba tu, kama kitu cha wizi.

Nissim, Myahudi wa kisiwa cha Rodi aliyeuza chumvi na vitambaa, aliendelea kupima kitambaa. "Nilikwambia, Waridi. Kwetu mutoto anafuata mama. Wewe si Myahudi, naye si Myahudi. Sheria yangu hainidai mbuzi."

Waridi alizaliwa Nyangwe, akaolewa mara mbili, na waume wote wawili aliwaacha yeye. Sasa aliuza mchele sokoni. Mbuzi angeweza kumnunua, lakini mbuzi wa mama hawaambii watu kwamba mtoto ana baba.

"Hiyo sheria alileta nani? Musa?"

Nissim alikuwa mkweli, kasoro kubwa kwa mwenye duka. "Hapana. Zamani za Musa mutoto alikuwa wa baba."

"Na Musa mwenyewe alioa mugeni, kule Madiani."

"Alioa huko. Baadaye watu walirudi kutoka Babeli, Ezra akafukuza wanawake wa kigeni pamoja na watoto wao. Halafu tena, wakati wa Warumi, walimu wetu wakaandika kwamba mutoto ni wa mama. Sababu yake wanabishania mpaka leo. Wengine wanasema ni kwa kuwa mama anajulikana."

"Walikuwa na akili. Mama tunamuona, baba ni habari tu. Lakini haya masikio ya mutoto, hata Warumi wangejua ni ya nani."

Watu walicheka. Nissim akawa mwekundu.

"Basi nimekubali sheria yako," Waridi alisema. "Mutoto ni wangu?"

"Ni wako."

"Wa nyumba yetu, na desturi zetu?"

"Kabisa," Nissim alisema, akidhani ameshinda.

"Na kwa desturi yetu, mbuzi analetwa na baba. Umesema mwenyewe, kwa kinywa chako."

Nissim aliweka kitambaa chini. Mzee Atumani, aliyekuja kununua chumvi, akamwambia taratibu: "Musiyo Nissim, hapo huna mlango wa kutokea."

Ijumaa asubuhi Nissim alikatiza soko akivuta mbuzi yeye mwenyewe, kofia imelala kisogoni, mbuzi akitaka kurudi Kabambare alikonunuliwa. Waridi alikagua meno, macho na miguu minne, akitafuta sababu ya kukataa.

"Mwembamba," alisema, akapokea kamba.