Mshale Ulifika, Maneno Hayakufika

Jirani yangu hapa Pasiansi ana gari ambalo nyuma huwezi kuweka hata kiroba cha mchele. Pamejaa spika. Akiwasha muziki, vikombe vyangu vinagongana kabatini na mbwa anaingia uvunguni. Juzi nilimfuata nikamwuliza huo wimbo unasemaje. Akacheka. Akaniambia niachane na maneno, niangalie namba: spika zake zimepimwa, na mashine imesoma juu kuliko gari lolote la mtaa huu. Nilimtolea maneno ambayo mwalimu mstaafu hapaswi kumtolea mtoto wa watu, nikarudi ndani. Maskini, hakujua kwamba hasira ile inamzidi umri.

Mwaka ule serikali ilipohamishia watu vijiji vya ujamaa nilikuwa mwalimu kijana, nimepanga chumba Igogo. Bibi aliyenilea alikuwa bado anaishi ufukweni mwa ziwa, mbali na mji, katikati ya mawe makubwa, kwenye nyumba aliyojengewa na babu. Kuhama alikubali. Hilo nalisema mapema kwa sababu siku hizi watu wanapenda kusimuliwa kwamba wazee wote waligoma. Bibi hakugoma. Katika nyumba ile alitaka kitu kimoja tu, mlango. Babu aliuchonga kwa tezo kutoka gogo moja la mninga, na bibi alisema huko kijijini atalala hata chini ya turubai, mradi mlango ule usimame mbele yake. Alichokuwa anangoja ni kuambiwa siku ya kubomoa, ili autoe kwanza.

Kutangaza siku ilikuwa kazi ya gari la matangazo. Landrova ile zamani ilikuwa na vipaza sauti viwili vya bati juu ya paa, vyenye mdomo mpana kama tarumbeta. Sauti yake ilikuwa nyembamba, ya puani, ya kukera, lakini neno likitoka mlimani lilifika majini likiwa zima. Basi akaletwa mtangazaji mpya, bwana mwenye sauti nzito na anayejua kuwa anayo. Hakutaka kusikika kama mbuzi. Akaving'oa vile vya bati, akaweka nyuma ya gari spika pana ya besi, ya muziki wa dansi.

Dereva wake alinisimulia baadaye mambo yalivyokuwa humo ndani. Bwana akisema tu "ndugu wananchi", viti vinatetemeka na kifua kinajaa. Kwenye mashine ya kukuza sauti kulikuwa na kidirisha chenye mshale, na kila akitamka neno zito mshale uliruka mpaka mwisho, kwenye rangi nyekundu, kisha ukaanguka. Kuruka kwenyewe ni kupepesa jicho tu. Lakini yeye aliuona, akaridhika. Mshale umefika, basi watu wamesikia. Mtu mzima ovyo!

Nje ya gari maneno yalikuwa yameshakufa. Kilichobaki ni mvumo, ndu, ndu-ndu, ndu, na upepo wa ziwa ukauchukua huo huo. Sasa, kwetu baada ya mavuno ukisikia ndu-ndu nyuma ya kilima huna haja ya kuuliza. Hiyo ni ngoma, kuna mtu ameita watu. Bibi akajipaka mafuta, akafunga kanga yake ya kutokea, akabeba kibuyu cha maziwa ili asiingie kwa watu mikono mitupu, akaifuata. Ngoma ikahamia kilima cha pili, naye akahamia. Njiani akakutana na wanawake wengine na vibuyu vyao, wote wanaulizana ni harusi ya nani. Waliifuata asubuhi nzima bila kuiona. Kumbe ni gari, linawaambia warudi nyumbani wakatoe milango na vyombo vyao kabla ya saa sita.

Aliporudi, vijana wa kubomoa walikuwa wameshapita. Paa la nyasi lilichomwa, na mlango wa mninga uliungua pamoja nalo. Hata leo nikiandika hivi meno yananisagika.

Mwisho wa wiki nilimkuta kijijini, kwenye kibanda chenye gunia mlangoni. Hakuwa analia. Alikuwa anaona aibu, na hilo ndilo lililonichoma. Alikuwa amelalamika mkutanoni kwamba hakutangaziwa, na yule bwana akamjibu mbele za watu kwamba masikio yake yamezeeka. Watu wakacheka, wakiwemo wale waliobeba vibuyu naye.

Nilimtafuta yule bwana siku hiyo hiyo. Hakuwa hata na wasiwasi.

"Ndugu mwalimu," aliniambia, "chombo kile hakidanganyi. Mshale ulifika mwisho."

Nikamwuliza kama mshale ule ni sikio la bibi yangu. Nikamtaka twende wote pale palipokuwa na nyumba, asimame nasi, na dereva apande barabara ya kilimani aseme kwa mashine ile ile. Alikubali haraka, kwa kiburi chake. Kando nilimwomba dereva asirudie tangazo lile, aseme lolote alilo nalo moyoni.

Tukasimama juu ya majivu: bibi, mimi, yeye, na wale wote waliocheka. Kilimani kukaanza, ndu, ndu-ndu. Mama mmoja mabega yakaanza kumcheza yenyewe. Bwana akanigeukia akaniuliza kama nasikia. Nami nikamwuliza kimesemwa nini. Akajiweka sawa, akatiririka: ndugu wananchi, mnatangaziwa kutoa milango, miti na vyombo kabla ya saa sita, na kuendelea, bila kuacha neno. Akamalizia kwamba yeye amesikia safi kabisa.

Gari likashuka. Mbele ya wote nikamwuliza dereva alisema nini. Alivua kofia, akatazama chini.

"Nilisema, bibi utusamehe, mlango wako tumeuchoma."

Hakuna aliyecheka. Yule bwana akaanza tena habari za mshale, na mimi nikamjia juu, kwa maneno ambayo sijayajutia mpaka leo. Bibi ndiye aliyeninyamazisha, kwa kunigusa mkono. Akamsogelea dereva mpaka wakakaribia kugusana.

"Rudia, baba," akamwambia. "Hapa."

Dereva akarudia, polepole, kwa sauti ya kawaida ya mtu anayeongea na mtu.

"Sasa nimesikia," bibi akasema, akashika njia ya kurudi kwenye gunia lake.